Dawa Mbili za Kuzuia Njaa

Wako watu waichukiao njaa yao kama adui. Hujitazama katika kioo, huona wamenenepa, kisha hutamani kidonge cha kuwafunga kinywa. Wengine husikia sifa za vidonge kwa jirani, wakavinunua bila kumwuliza daktari. Kwa ajili yao twasimulia mambo yaliyotukia Marekani, ili mwenye busara ajifunze.

Kwanza tufahamu njaa ni nini. Tumbo halisemi peke yake. Ubongo ndio uamuao. Ndani ya ubongo mishipa ya fahamu haigusani. Ncha ya mshipa mmoja hutoa kemikali, nayo huvuka nafasi ndogo na kuupasha mshipa wa pili habari, kama tarishi achukuaye barua. Tarishi mmoja huitwa serotonini, naye huleta habari ya kushiba. Mwingine huitwa noradrenalini, naye huuamsha mwili na kupunguza hamu ya chakula. Kazi ikiisha, tarishi hurudishwa alikotoka.

Dawa iitwayo fenfluramini huitoa serotonini kwa wingi na kuizuia isirudi. Basi mtu hujiona ameshiba, lakini hulemewa na usingizi. Fentermini huitoa noradrenalini. Nayo huondoa njaa, ila huondoa na usingizi pia. Daktari Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester aliona kwamba zikitolewa pamoja kwa kiasi kidogo, kila moja ingetuliza madhara ya mwenzake. Mwaka 1992 alitangaza matokeo ya watu 121, ambao wote walifundishwa habari za chakula na mazoezi. Baada ya majuma 34, waliopewa dawa zote mbili walikuwa wamepungua kilo 14 kwa wastani. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungua karibu kilo 5.

Habari ikaenea upesi. Serikali ilikuwa imeruhusu kila dawa peke yake, tena kwa muda mfupi; kuzichanganya haikuruhusu kamwe. Hata hivyo, katika mwaka 1996 madaktari waliandika vyeti vya dawa hizo zaidi ya milioni 18.

Kumbe, tarishi wa ubongo ana kazi katika nyumba nyingine pia! Serotonini imo tumboni na katika damu, na milango midogo ya moyo, izuiayo damu isirudi nyuma, inayo mahali pa kupokea habari zake. Fenfluramini ikivunjwa mwilini hugeuka kitu kibishacho hodi papo hapo. Kikibisha daima, milango hunenepa, isifunge sawasawa. Agosti 1997 madaktari wa Mayo Clinic na wa mji wa Fargo walitangaza habari za wanawake 24 waliozitumia dawa zile mbili wakapatwa na ugonjwa huo. Watano walikuwa wamekwisha kupasuliwa moyo. Serikali nayo ilipokea habari za watu 291 waliopimwa, na karibu 30 katika kila 100 walionekana na kasoro, hata wasiojisikia kuumwa. Tarehe 15 Septemba 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni, fentermini ilibaki.

Na ubongo je? Wanyama waliopewa fenfluramini kwa wingi walibaki na upungufu wa serotonini muda mrefu baada ya dawa kukoma. Tena wale wa Rochester, walipoacha vidonge, unene uliwarudia.

Hatusemi kwamba dawa ni mbaya. Mwaka 2020 fenfluramini hiyo hiyo iliruhusiwa tena Marekani, kwa wagonjwa wa kifafa kikali kiitwacho Dravet, kwa sharti mioyo yao ipimwe kila mara. Ubaya ulikuwa katika pupa ya kuchanganya kabla ya kuchunguza.

Basi, enyi wazazi, mkiwa na kidonge nyumbani msikiongezee kingine kwa shauri la rafiki; mwulizeni daktari, na kumwambia dawa zote mnazotumia. Aliye mnene asichekwe, maana cheko ndilo limpelekalo kwa mwuza vidonge. Na apunguze chakula kwa kiasi, atembee, avumilie; pole pole ndio mwendo. Mwili ni amana ya Mungu, na njaa ameiweka humo iwe mtumishi wetu. Tuiongoze kwa hekima.