Kodi ya Umbeya

Sigara ikitozwa kodi naelewa. Lakini umbeya? Mwaka 2018 Rais Museveni wa Uganda alimwandikia waziri wake wa fedha akilalamika kwamba mitandao imejaa “olugambo”, yaani umbeya. Basi watumiaji walipe. Kuanzia Julai 1 mwaka huo, aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Kampuni za simu, zinazotuimbia kila siku kwamba mteja ni mfalme, zikageuka makarani wa kodi: hujalipa, hufungui.

Waganda wakakimbilia VPN. Hii ni programu inayoyatia mawasiliano yako ndani ya bahasha, ikayapitisha kwenye kompyuta ya nchi nyingine. Kampuni inaiona bahasha, kilichomo haikioni. Sasa itazuia nini? (Ubaya wake, bahasha nayo inakula bando.) Mwaka wa kwanza zilitarajiwa shilingi bilioni 284, zikapatikana kama bilioni 49.

Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Hapo hata mkulima aliyefungua simu kutazama bei ya mahindi, hajamsema mtu, akawa analipia umbeya wa wenzake.