Hati ya Mchomeleaji Vyuma na Namna ya Kuihifadhi Isife

Wamo katika vyama vya msingi vya mwambao wa Kilwa na Lindi wanachama ambao watoto wao wamejifunza ufundi wa kuchomelea vyuma. Yafaa wanachama hao, pamoja na makatibu wa vyama, waelewe jambo moja ambalo husahauliwa mara nyingi: fundi anaweza kuwa na vyeti viwili, na kimoja kati ya hivyo hufa kisipotunzwa.

Cha kwanza ni cheti cha mafunzo, kama kile kinachotolewa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo mjini Lindi. Cheti hicho chaonyesha kwamba mwenyewe alisoma na kufaulu, na hakina mwisho. Cha pili ni hati ya uthibitisho. Hii hupatikana kwa kuchomelea kipande cha majaribio mbele ya mtahini, na kipande hicho kikapimwa. Wajenzi wa mabomba ya gesi, matangi na mitambo hudai hati hii ya pili, kwa kuwa ungio bovu katika bomba la gesi laweza kuua watu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9606-1, toleo la mwaka 2012, chaeleza masharti ya hati hiyo. Uhai wake huhesabiwa tangu siku kipande cha majaribio kilipochomelewa, wala si siku karatasi ilipoandikwa. Kila baada ya miezi 6 ni lazima msimamizi wa uchomeleaji kazini, au mtahini, atie saini kuthibitisha kwamba fundi ameendelea na kazi ya aina ile ile. Kwa mfano, aliyejaribiwa tarehe 10 Machi apate saini kabla ya tarehe 10 Septemba. Kanuni za Marekani za ASME nazo hufuta sifa ya fundi aliyekaa miezi 6 bila kutumia njia yake ya kuchomelea.

Saini peke yake haiendelezi hati milele. Kwa kiwango cha ISO ziko njia 3. Ya kwanza ni kurudia mtihani kila baada ya miaka 3. Ya pili ni kupima, kila baada ya miaka 2, maungio mawili aliyoyafanya fundi katika miezi 6 ya mwisho. Hupimwa kwa eksirei, kwa mawimbi ya sauti, au kwa kuvunjwa. Ya tatu ni kwa fundi anayebaki kwa mwajiri yule yule, mwenye utaratibu kamili wa ubora wa uchomeleaji. Akiacha kazi hapo, njia hiyo hukatika.

Tena, hati ina mipaka. Aliyejaribiwa kwa vijiti vya umeme hakuthibitishwa kwa njia nyingine. Aliyechomelea bomba la kipenyo cha milimita 100 huruhusiwa mabomba ya milimita 50 na kuendelea, si membamba zaidi. Kwa hiyo kutengeneza mageti na madirisha, ingawa ni kazi ya halali yenye kipato, hakutoshi kuhuisha hati ya mabomba.

Hapo ndipo penye hasara kwa vijana wa mwambao. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ikaanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Bomba jingine, litokalo Mtwara na kupita mkoani Lindi, lilikamilika mwaka 2015. Ujenzi wa namna hiyo huja na kuondoka. Fundi anayerudi nyumbani na kukaa miezi 6 bila kazi ya aina yake na bila saini, hati yake imekwisha. Ujenzi ujao utamkuta na karatasi isiyo na nguvu, na itambidi ajaribiwe upya kabla ya kushika kazi.

Katibu wa chama aweza kusaidia kwa kazi aliyoizoea. Afungue daftari la mafundi wa chama, na kwa kila mmoja aandike tarehe ya kipande cha majaribio, njia ya kuchomelea, mipaka ya hati, na tarehe ya saini inayofuata. Amkumbushe fundi mwezi mmoja kabla. Nakala za hati na za kumbukumbu za kazi ziwekwe pakavu, pamoja na hesabu za chama.

Lakini katibu au mwenyekiti asitie saini yeye mwenyewe, hata akiombwa na jamaa. Saini hiyo ni ya mwenye dhamana ya uchomeleaji, na saini ya uongo huweka maisha ya watu hatarini. Fundi ambaye muda umempita na arudi mtihanini. Huko si kushuka hadhi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi wa fundi nao ni mali.