JUU YA NINI WANANYAMAZA?

Tuanzie sokoni. Mama mmoja anauza vikwembe. Meza imejaa, wanunuzi wanakuja. Kisha anapaza sauti: «Juma lijalo nitaleta vikwembe vizuri kupita hivi, na bei ni ile ile!» Wewe ungefanya nini? Bila shaka ungerudisha feza mfukoni, ungengoja. Mama yule hakusema uongo. Lakini siku ile watoto wake watakula nini?

Shika mfano huu, sababu utatusaidia kujibu swali la vijana wengi: juu ya nini kompani kubwa za telefone na ordinatere hazitaki kusema neno juu ya vyombo ambavyo havijatoka? Ni kiburi? Ni siri mbaya? Tuangalie pamoja.

Kinywa kilichofunga kompani

Katika mwaka wa 1981, kule California katika Marekani, bwana Adam Osborne alianza kuuza ordinatere ya kubeba mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa kidogo sana, na bei ilikuwa dola 1795. Watu waliipenda sana. Kuna miezi ambapo kompani yake iliuza ordinatere karibu 10 000.

Mwanzoni mwa 1983, Osborne alianza kusifu ordinatere ingine iliyokuwa njiani, nzuri kupita ile ya kwanza. Wenye maduka wakasikia. Wengi wakaacha kuagiza ile ya zamani. Vyombo vikabaki katika depo, feza haikuingia, na mishahara ilipaswa kulipwa. Katika Septemba 1983 kompani ikatangaza mbele ya tribinali kwamba imefilisika. Ni kweli, kulikuwa sababu zingine pia: kompani ya Kaypro ilikuwa inauza chombo chenye kioo kikubwa kwa bei ile ile. Lakini mpaka leo wafanyabiashara wanafundishana juu ya Osborne: usiue mkate wa leo kwa kusifu mkate wa kesho.

Je, wote walisikia fundisho hilo? Hapana. Telefone za Nokia, za Finland, unazijua; pengine baba yako alikuwa nayo. Katika Februari 2011 mkubwa wa Nokia alitangaza kwamba wataacha programu yao ya Symbian na kuchukua ile ya Microsoft. Lakini telefone mpya ya namna hiyo haikuwa bado tayari. Ilitoka mwezi wa 11. Nani atanunua kitu ambacho mwenyewe amesema atakiacha? Katika miezi 3 ya kwanza ya mwaka ule, Nokia iliuza telefone za kisasa milioni 24,2. Miezi 3 iliyofuata, milioni 16,7 tu. Katika 2014 kazi yote ya telefone ikapita mikononi mwa Microsoft.

Sababu zingine mbili

Ya kwanza ni wezi wa mawazo. Anayevumbua kitu anaomba kwa serikali hati ya kukilinda. Katika inchi nyingi, ukionyesha kitu chako mbele ya watu kwanza, kisha uende kuomba hati, umechelewa: watakuambia kwamba hakiko kitu kipya tena. Ndiyo maana wanafanya kazi nyuma ya milango iliyofungwa. Telefone ya kwanza ya Apple, iPhone, ilifichwa miaka zaidi ya 2. Steve Jobs aliionyesha siku ya 9 Januari 2007, miezi 5 na zaidi mbele ya kuuzwa. Alieleza waziwazi sababu: walipaswa kuomba ruhusa ya serikali, na karatasi zile zingeonyesha siri kwa watu wote.

Ya pili, wazee wetu walikwisha kuisema: ahadi ni deni. Katika Septemba 2017 kompani ile ile ya Apple iliahidi kifaa kinachoitwa AirPower, cha kutia moto katika vyombo 3 kwa mara moja. Watu wakangoja. Katika Machi 2019 ikasema kwamba kazi imewashinda, wameacha. Baba anayeahidi kinga kwa mtoto mbele ya kupata mshahara anajua haya hiyo.

Kimya kibaya

Lakini angalia, kijana: si kila kimya ni hekima. Kule kule California, kompani ya Theranos ilisema kwamba mashini yake inaweza kupima magonjwa mengi kwa matone machache tu ya damu. Watu walipotaka kuona ndani, waliambiwa ni siri ya kazi. Kumbe mashini haikuweza, na vipimo vingi vilifanywa kwa mashini za kompani zingine. Wagonjwa walipewa majibu yasiyo ya kweli. Mkubwa wake, Elizabeth Holmes, alihukumiwa katika 2022 kufungwa miaka zaidi ya 11.

Basi tofauti iko wapi? Anayenyamaza juu ya kitu kisichokwisha anajilinda, na hadanganyi mtu. Anayenyamaza juu ya hatari, na huku anakuuzia, amekuibia.

Na sisi je?

Usiseme mambo hayo ni ya Wazungu tu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu, na inaingia katika batri za telefone na motokari. Hata hivyo, kuna watengenezaji ambao wanatia sasa batri zisizo na kobalti hata kidogo. Katika 2021 Tesla ilisema itazitia katika motokari zake za bei ya chini. Batri ya kesho inatengenezwa leo nyuma ya mlango uliofungwa, na hakuna atakayekuja Kolwezi kukuambia mbele ya wakati. Bei ikianguka, utaijua siku ya kupima mizigo.

Kwa hiyo, baba na mama, musitie tumaini lote la nyumba katika jiwe moja. Bei ikiwa nzuri, lipeni masomo ya watoto kwanza, lindeni shamba, fundisheni kijana ufundi mwingine. Hatuwezi kuwalazimisha waseme. Lakini tunaweza kujitayarisha.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni ahadi gani tuliyotoa mbele ya wakati, na ilizaa nini?
2. Ni siri gani ya kazi ambayo ni halali, na ni gani inayoumiza watu?
3. Kama bei ya kobalti ikianguka mwezi ujao, nyumba yetu itaishi namna gani?