Ukikosa Chuo cha Udaktari (2): Njia Panda ya Tabora

Wiki iliyopita tuliishia kwa kijana wa Tabora aliyefungua simu akakuta hakuna chuo kilichomchagua kusomea udaktari. Leo tuulize: afanye nini?

Kwanza ajue kilichomkwamisha. Kukosa sifa si sawa na kukosa nafasi. Shahada ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, kila somo angalau D, jumla pointi 6. Sasa chukua mwenye C ya Baiolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. Ukijumlisha 3, 2 na 1 unapata 6, lakini ile E imemfungia mlango. Huyu akiomba tena kwa matokeo yaleyale anapoteza ada ya maombi bure. Dawa yake ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, tena kwenye kituo chenye maabara, maana Fizikia ina mtihani wa vitendo.

Mwenye D tatu kamili habari yake ni nyingine. Sifa anazo, ila amezidiwa na wenye A na B. Udahili una awamu zaidi ya moja. Atazame vyuo vilivyobakiwa na nafasi, asing'ang'anie kilekile kinachokimbiliwa na wote.

Iko njia ya tatu, ambayo wazazi wengi huidharau: stashahada ya utabibu, miaka 3, inayoangalia zaidi ufaulu wa sayansi wa kidato cha nne. Anayehitimu ni tabibu, na mara nyingi ndiye ambaye mgonjwa wa zahanati ya kijijini humkuta kwanza. Akipata wastani wa B au GPA ya 3.0, na kidato cha nne ana angalau D za Hisabati, Kiingereza na sayansi zote tatu, anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari. Safari ni ndefu: miaka 3, kisha 5, kisha 1 wa mazoezi hospitalini. Lakini njiani ana kazi mkononi.

Watu wa Tabora tusishangae njia kugawanyika. Misafara kutoka Bagamoyo iliachana hapa, mingine ikishika Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Leo treni za Kigoma na Mwanza huachana hapahapa. Na tabibu naye huheshimika: Adriano Atiman, aliyeuzwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, alifundishwa tiba Malta, akaifuata njia ya misafara hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuja kama katekista-tabibu, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956, na wenyeji walimwita Daktari.

Basi kijana, kabla hujalipia maombi mengine, weka mezani vyeti vyako viwili na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, usome mstari kwa mstari. Wiki ijayo: ada na mkopo.