Cheti cha elimu ya uzee: "Ni uzee tu" si jibu

Kauli ya "ni uzee tu" imewagharimu wazazi wengi. Mama ameamka akiwa mzima, jioni anazungumza maneno yasiyoeleweka na kumwita mjukuu kwa jina la marehemu ndugu yake, na watu wa nyumbani wanaambiana kuwa umri umefika. Kumbe huenda ni maambukizi katika njia ya mkojo, au upungufu wa maji mwilini, au dawa mbili zisizopatana, na yote hayo yana tiba. Umri haumpotezei mtu fahamu kati ya Alasiri na Isha. Mgonjwa wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kutenganisha uzee na ugonjwa ni miongoni mwa masomo ya mwanzo kwa anayesomea cheti cha chuo kikuu katika elimu ya uzee, na kwa maoni yangu hilo peke yake latosha kulipia ada.

Elimu hiyo huitwa jerontolojia, jina lililobuniwa mwaka 1903 na Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Hata hivyo, aliyeonyesha faida yake wodini ni daktari wa kike, Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex, London. Mwaka 1935 alikabidhiwa wagonjwa 714 kutoka jengo jirani la kuhifadhia mafukara, wengi wao wakiwa wazee waliokwisha kukatiwa tamaa kitandani. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawapanga kulingana na mahitaji yao, akawainua na kuwafanyisha mazoezi. Baadhi yao wakaondoka hospitalini kwa miguu yao.

Vyuo vilifuata baadaye. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Southern California kilianzisha skuli ya Leonard Davis mwaka 1975, ya kwanza ya fani hii katika nchi hiyo. Huko Malta, Umoja wa Mataifa ulifungua taasisi ya kimataifa ya uzee mwaka 1988, ikilenga hasa nchi zinazoendelea, ambazo nasi tumo.

Cheti si shahada. Aghalabu ni masomo machache, yanayochukuliwa na mtu mwenye fani yake tayari: muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mwanasheria wa mirathi, hata mchoraji wa majengo. Hakimfanyi mtu kuwa tabibu. Husomwa mabadiliko ya mwili, akili na kumbukumbu, nafasi ya mzee katika jamii, na sera. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003, kwa mfano, humhesabu mzee kuanzia miaka 60.

Baadhi ya vipimo vinavyofundishwa ni vyepesi mno. Kipo cha Dkt. Sidney Katz, kilichochapishwa mwaka 1963, kinachoangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kwa kila moja huulizwa iwapo mzee analifanya mwenyewe au kwa msaada. Kingine humtaka ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka, na ni vyema aonwe na mtaalamu kabla hajavunjika nyonga.

Hapa ndipo elimu hii inapokutana uso kwa uso na malezi yetu. Sisi tumefunzwa kuwa heshima ni kumfanyia mzazi kila kitu. Surat al-Israa imetuamuru ihsani kwa wazazi wanapofikia uzee, na hilo halina mjadala. Lakini misuli isiyotumika hudhoofu, na mkono ulionyang'anywa ufagio leo, kesho hushindwa kushika kikombe. Bibi anayeweza kutawadha mwenyewe akiwa ameketi, aachwe atawadhe. Wa nyumbani wamwekee kiti imara, maji karibu na mkeka usioteleza. Babu akiulizwa na daktari, ajibu yeye, si mwanawe. Mwaka 1969 daktari wa Marekani, Robert Butler, alilipa jina tatizo la kuwabagua watu kwa umri wao. Kwetu ubaguzi huo mara nyingi huja umevaa kanzu ya huruma.

Katika familia nyingi mzigo wa kumtunza mzee humwangukia binti mmoja au mkwe mmoja, naye hujifunza kwa kubahatisha. Ukoo ungeweza kuchangishana ada akasome, kama tunavyochangishana harusi.

Kabla ya kulipa, ulizeni iwapo chuo kinatambuliwa. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo hushughulikia utambuzi wa tuzo za nje. Ulizeni pia iwapo mwanafunzi atakaa na wazee wenyewe kwa mazoezi ya kazi, kwani namna ya kumwinua mtu mwenye kiharusi bila kumuumiza bega haijifunzwi kwa kutazama skrini.