Makaa Husafisha Maji, Moto Huyakamilisha

Askari aliye doria aweza kuvumilia njaa kwa siku kadhaa, lakini kiu haisubiri. Hapo ndipo hatari ilipo. Tusisahau yaliyotukia Goma mwezi wa Julai 1994: wakimbizi kutoka Rwanda walichota maji ya Ziwa Kivu, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Basi leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi jinsi ya kutengeneza chujio kwa gharama ndogo.

Twaeni kopo la bati lenye mfuniko, mtoboe tundu dogo mfunikoni. Lijazeni magunzi makavu ya mahindi, au vipande vya mti usiopakwa rangi wala dawa, kisha liwekeni katikati ya moto mkali. Moshi utokao tunduni utawaka kama taa. Mwali huo ukizimika wenyewe, makaa yameiva. Yaacheni yapoe kabisa kabla ya kufunua, maana yakipata hewa yangali na moto yatageuka majivu. Yapondeni yawe kama punje za mchele, myaoshe.

Toboeni ndoo safi chini, mtandike kitambaa. Tieni changarawe, kisha mchanga uliooshwa, kisha makaa kiasi cha shubiri moja, na mchanga tena juu. Mimineni maji polepole. Maji ya kwanza, yaliyo meusi, yamwageni.

Hata hivyo, maji maangavu si lazima yawe salama. Makaa huondoa harufu, ladha mbaya na baadhi ya sumu, lakini hayaui vijidudu. Kwa hiyo hapana budi maji yaliyochujwa yachemke kwa nguvu dakika 1, na kwenye milima ipitayo mita 2,000, dakika 3. Wenye dawa ya klorini waitie baada ya kuchuja, wala si kabla, kwa sababu makaa huinyonya klorini ikapotea bure.

Harufu ikianza kurudi, badilisheni makaa na kuosha mchanga. Askari ajua kwamba bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe siku ya haja. Chujio lililopuuzwa nalo huwa maskani ya vijidudu.