Si kila anayeanguka ana kifafa

Mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka utotoni anapoanza kuzirai na kutetemeka alfajiri, aghalabu huambiwa ana kifafa. Huanzishiwa dawa, akazimeza kwa miezi, pengine miaka, bila nafuu. Kwa baadhi yao, chanzo cha maradhi hakimo ubongoni bali kwenye kongosho.

Kongosho hutengeneza insulini, homoni inayoitoa sukari katika damu na kuiingiza kwenye seli. Sukari ikishuka, insulini nayo hupunguzwa. Lakini panapoota uvimbe uitwao insulinoma, homoni hiyo huendelea kumiminika hata mtu akiwa hajala. Ubongo, ambao hutegemea mno sukari, ndio hulemewa: mgonjwa hutokwa na jasho, hubabaika, hupayuka, na mwishowe huanguka. Si ajabu wengine kudhaniwa wamelewa, au wamepagawa.

Uvimbe huu ni nadra. Kwa mwaka hupata watu kati ya mmoja na wanne katika kila milioni. Mara nyingi si saratani, na hauzidi sentimita mbili, hivyo hata picha za tumbo huweza kuukosa.

La kuzingatia ni wakati. Mashambulizi huja kabla ya kiamshakinywa, baada ya kazi ya sulubu, au chakula kinapochelewa. Wengine hunenepa, kwa kuwa wamegundua kuwa kula huwapa ahueni.

Katika miaka ya 1930, mpasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliweka vigezo vitatu vinavyotumika hadi leo: dalili ziwepo, sukari ipatikane iko chini wakati uo huo, na dalili zitoweke sukari inaporejeshwa.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza si ghali. Ni tone la damu ya kidole, lichukuliwe mgonjwa angali katika hali hiyo. Akishapewa chai ya sukari, ushahidi umepotea. Hata hivyo, matibabu yasicheleweshwe, wala aliyezirai asinyweshwe chochote.

Panapokuwa na shaka, mgonjwa hulazwa na kukaa bila chakula hadi saa 72, huku damu ikipimwa. Jambo hili halijaribiwi nyumbani.

Tiba ni upasuaji. Roscoe Graham alimponya mgonjwa kwa njia hiyo mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1929, na wengi hupona kabisa. Wasioweza kupasuliwa hupewa dawa ya daiazoksaidi.

Anayetumia dawa za kifafa asiziache ghafla kwa kushuku tu. Amwombe daktari ampime sukari.